Kupasuliwa Tezi Dume Saratani Ikiwa Ingali Changa

Masomo ya kusomwa kwanza: 2 Wafalme 20:1-7, Luka 14:28-30.



Katika sharika zetu za Tingi na jirani zake, kutoka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay ufuoni mwa Ziwa Nyasa, yako maradhi ambayo wazee wetu huyachukua kimya kimya. Baba huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, naye akiulizwa asubuhi hujibu kwamba ni uzee tu. Mkewe ajua, lakini huona haya kusema. Katekista hupata habari siku ile mzee asipoweza tena kusimama kwa maumivu ya mgongo, na siku hiyo mara nyingi saratani imekwisha kuingia mifupani.

Sababu ya kunyamaza si haya peke yake. Iko pia hofu iliyozaliwa na maneno ya barazani. Watu husema kwamba aendaye hospitali kwa habari ya tezi dume atahasiwa. Maneno hayo yamewazuia wengi wasipimwe, nayo yamechanganya mambo matatu yaliyo mbali mbali. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tufundishane habari ya upasuaji wa saratani ya tezi dume inapokuwa ingali changa: ni upasuaji upi, wamfaa nani, na gharama yake mwilini ni nini.

1. Tezi dume na saratani yake

Wengi wakisema fulani ana tezi dume hudhani hilo ni jina la ugonjwa. Sivyo. Tezi dume ni kiungo ambacho Mungu amempa kila mwanamume. Ni kama ndimu ndogo, nayo imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo yapita katikati yake. Kazi yake ni kutoa maji yanayochukua mbegu za uzazi.

Mtu akizeeka, tezi hii huweza kukua na kuibana njia ya mkojo. Huo ni uvimbe wa kawaida wala si saratani. Mkojo hutoka kwa shida, hukatika katika, au hufunga kabisa. Saratani ni jambo jingine. Mara nyingi huanza sehemu ya nje ya tezi, karibu na ganda lake, mbali na njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo saratani changa haina dalili. Mtu hula, hulima, huvua dagaa ziwani, naye hajui. Anayengoja aumwe ndipo aende kupimwa huwa amengoja mno.

Hujulikana kwa vipimo. Cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Cha pili ni kidole cha daktari, ambacho hupitishwa njia ya haja kubwa ili kuipapasa tezi kama ina sehemu ngumu. Kipimo cha damu kikipanda si hukumu, maana uvimbe wa kawaida na maambukizo ya mkojo huweza kukipandisha pia. Ndipo daktari huchukua vinyama vidogo vya tezi kwa sindano, navyo hutazamwa kwa darubini. Hivyo vinyama ndivyo visemavyo kama ni saratani, na kama ni ya upole au ya ukali. Wanaume weusi hupatwa na saratani hii zaidi ya wengine, na yule ambaye baba yake au ndugu yake wa damu ameugua huwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa watu hao madaktari wengi hushauri kuanza mazungumzo ya kupimwa wafikapo miaka 45, bila kungoja 50.

Saratani huitwa changa iwapo ingali ndani ya ganda la tezi, haijatoka nje wala kwenda mifupani. Hiyo ndiyo tunayoinena katika somo hili.

2. Namna tatu za upasuaji zisizopaswa kuchanganywa

Hapa twawaomba wasomaji wetu wakae kitako na kusoma polepole, maana hapa ndipo hofu nyingi hutoka.

Namna ya kwanza ni kufungua njia ya mkojo. Hufanywa kwa uvimbe wa kawaida. Daktari huingiza chombo chembamba katika njia ya mkojo na kukwangua nyama inayobana, au hupasua tumbo chini ya kitovu na kuitoa nyama ya ndani. Mfano wake ni chungwa: nyama hutolewa, ganda huachwa. Mgonjwa hukojoa vizuri tena. Lakini ganda likibaki, saratani yaweza kuwamo au kuingia baadaye. Basi mzee aliyepasuliwa hivi miaka kumi iliyopita asijidanganye kwamba hana tezi tena. Anayo, naye yampasa kuendelea kupimwa.

Namna ya pili ni kutoa tezi yote pamoja na ganda lake na vifuko vya mbegu vilivyo nyuma yake, kisha kushona kibofu kwenye njia ya mkojo. Upasuaji huu hufanywa kwa saratani changa, na shabaha yake ni kuiponya kabisa. Korodani haziguswi.

Namna ya tatu ni kutoa korodani. Mwaka 1941 Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni itokayo katika korodani, na ikinyimwa chakula hicho hunywea. Kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Matibabu haya hutumika saratani ikiisha kuenea. Huleta nafuu, mara nyingine kwa miaka, lakini hayaing'oi saratani. Siku hizi ziko pia sindano na vidonge vinavyoizuia homoni ile pasipo kisu.

Sasa twaona jinsi maneno ya barazani yanavyopotosha. Wazee wengi wa kwetu hufika hospitali wamechelewa, na waliochelewa ndio wanaoambiwa habari ya korodani. Jirani huona hayo, naye huogopa kupimwa. Kwa kuogopa huchelewa, na kwa kuchelewa huangukia jambo lile lile aliloliogopa. Aliyewahi hutibiwa kwa njia nyingine.

3. Habari ya upasuaji wa kutoa tezi yote

Wasomaji wengi watakumbuka Novemba 2014, ambapo Rais wa awamu ya nne, Jakaya Mrisho Kikwete, alikwenda Marekani akapasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Alikuwa na miaka 64. Aliporudi mwishoni mwa mwezi ule hakuficha kitu. Aliwaambia wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani, kwamba ilionekana mapema, akawahimiza wanaume wakapimwe. Alirudi kazini akamaliza kipindi chake mwaka 2015. Ikiwa mkuu wa nchi aliweza kulitaja jambo hili mbele ya taifa zima, mzee wa usharika aweza kulitaja mbele ya mganga mmoja.

Hospitali ile ina historia katika jambo hili. Huko ndiko Hugh Hampton Young alikoitoa tezi yote kwa ajili ya saratani mwaka 1904, akipitia msambani, yaani kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Katika miaka ya 1940 Terence Millin, mtu wa Ireland aliyefanya kazi London, akaonyesha njia ya kuifikia tezi kwa mbele, nyuma ya mfupa wa kinena. Hata hivyo kwa miaka mingi waliopasuliwa walipoteza damu nyingi, na karibu wote walipoteza nguvu za tendo la ndoa. Kwa hiyo wengi waliukataa upasuaji huu.

Mwaka 1981 Patrick Walsh wa Johns Hopkins alikwenda Leiden, Uholanzi, akakutana na Pieter Donker, bingwa aliyekuwa amekwisha kustaafu. Wawili hao walifuata mishipa midogo ya fahamu iendayo kwenye uume, wakaona kwamba haipiti ndani ya tezi bali kandokando yake, nje ya ganda. Basi iliwezekana kuitoa tezi na kuiacha mishipa. Mwaka 1982 Walsh alipasua kwa njia hiyo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo upasuaji huu haukuwa tena kama ule wa kale.

4. Njia zinazotumika leo

Njia ya kwanza ni ya wazi. Daktari hupasua tumbo kutoka chini ya kitovu hadi kinenani. Haihitaji mashine za ajabu. Yahitaji bingwa aliyezoea, damu iliyowekwa akiba, na wauguzi waangalifu. Njia ya msambani ingaliko, ila ni wachache waifanyao.

Njia ya pili ni ya matundu. Daktari hutoboa matundu madogo tumboni, huingiza kamera na vyombo virefu, hutenda kazi akitazama kioo. Njia ya tatu yafanana nayo, lakini vyombo hushikwa na mikono ya mashine, na daktari huiongoza akiwa ameketi kando. Tezi ya kwanza kutolewa hivyo ilitolewa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 2000.

Je, asiyeipata mashine amekosa uzima? La. Huko Brisbane, Australia, madaktari waliwagawa wanaume 326, wengine wakapasuliwa kwa mashine na wengine kwa njia ya wazi. Wa mashine walipoteza damu kidogo. Lakini matokeo yalipotangazwa mwaka 2016, na tena mwaka 2018, makundi mawili yalilingana katika kuzuia mkojo na katika nguvu za ndoa. Twajifunza hapa kwamba mkono wa bingwa ni bora kuliko chombo chake. Swali la kumwuliza daktari ni hili: Je, upasuaji huu umeufanya mara ngapi?

5. Gharama yake mwilini

Bwana wetu alisema habari za mjenzi wa mnara, aketiye kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu pasipo kuficha.

Mgonjwa hulazwa usingizi au huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Hukaa hospitali siku chache. Huenda nyumbani na mpira wa mkojo, naye hukaa nao juma moja au mawili, mpaka mshono wa ndani uungane. Mpira usivutwe wala usitolewe na mtu asiye mganga. Kazi za jembe na kubeba mizigo huachwa kwa majuma kadhaa.

Mpira ukitolewa, karibu kila mtu huvuja mkojo kwanza. Wengi hupata nafuu mwezi kwa mwezi, na kukaza misuli kama mtu azuiaye mkojo, mara nyingi kila siku, husaidia. Katika uchunguzi mkubwa wa Uingereza, kati ya kila watu 100 waliopewa upasuaji, 46 walitumia vitambaa vya kuzuia mkojo baada ya miezi sita. Baada ya miaka sita walikuwa 17.

Nguvu za ndoa hupungua sana. Katika uchunguzi ule ule, kabla ya matibabu watu 67 katika 100 walikuwa na nguvu za kutosha tendo la ndoa. Miezi sita baada ya upasuaji walikuwa 12, na baada ya miaka sita 17. Ziko dawa na vifaa vya kusaidia, na aliye kijana zaidi huwa na tumaini zaidi. Lakini mke na mume wayajue haya kabla ya kisu, wala mke asiyasikie baadaye kama habari ya kushangaza. Tena, baada ya tezi kutolewa shahawa hazitoki, wala mtu hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Anayetamani bado mtoto na aseme mapema.

Baada ya upasuaji kipimo cha PSA hakina budi kushuka karibu na sifuri. Kikianza kupanda, ni ishara kwamba mabaki ya saratani yapo, na mionzi huweza kutumika. Kwa hiyo aliyepasuliwa asiache kurudi kupimwa.

6. Je, kila mwenye saratani changa apasuliwe?

Hapana. Upasuaji ni njia moja. Ya pili ni mionzi, nayo huweza kuponya pia. Ya tatu ni kuangalia: saratani ya upole huachwa, mgonjwa hupimwa mara kwa mara, naye hutibiwa ikianza kuamka.

Chunguzi mbili zatufundisha. Katika ule wa Uingereza, wanaume 1,643 wenye miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa kura katika njia hizo tatu. Baada ya miaka 15, habari zilizotolewa mwaka 2023 zilionyesha kwamba katika kila kundi wapata 3 tu katika 100 walikuwa wamekufa kwa saratani hii. Katika kundi la kuangalia, zaidi ya nusu walitibiwa hatimaye, na saratani ilienea kwa watu 9 hivi katika 100, hali katika kundi la upasuaji ilikuwa 5 hivi. Lakini tuangalie: wale walionekana kwa kipimo cha damu, mapema sana, na weusi kati yao walikuwa wachache mno.

Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1989 katika Sweden, Finland na Iceland, kwa wanaume 695. Wengi wao hawakuonekana kwa kipimo cha damu, na saratani zao ziliweza kupapaswa kwa kidole. Hao wamekaribiana zaidi na wagonjwa wa kwetu. Nusu walipasuliwa, nusu waliachwa mpaka dalili zitokee. Kufikia mwisho wa mwaka 2017, saratani ilikuwa imewaua 71 kati ya 347 wa upasuaji, na 110 kati ya 348 walioachwa. Waliopasuliwa walipata kwa wastani karibu miaka mitatu ya kuishi zaidi.

Basi twaweza kusema hivi. Saratani ya upole, au mzee sana mwenye maradhi mengine mazito ya moyo au sukari, huenda asihitaji kisu. Mwenye nguvu, aliye na miaka mingi mbele yake, na saratani yake si ya upole, afikirie sana upasuaji au mionzi. Tena mtu wa Tingi na ahesabu jambo moja zaidi. Kuangalia maana yake ni kupimwa kila baada ya miezi. Kama njia, nauli au msimu wa kahawa utamzuia asirudi, huko si kuangalia tena, ni kusahau. Na amwambie daktari ukweli huu, ili ushauri upatane na maisha yake.

Saratani changa haidai jibu leo. Majuma kadhaa ya kuuliza, kuomba na kushauriana na nyumba hayamdhuru mtu. Miaka ya kujificha ndiyo iuayo.

7. Aanzie wapi mtu wa kwetu

Aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe kuandikiwa kwenda hospitali. Ziko hospitali za misheni za ndugu zetu huko Liuli, Litembo na Peramiho, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Songea. Upasuaji wa kutoa tezi yote ni kazi ya bingwa wa mfumo wa mkojo, nao hutafutwa katika hospitali kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambamo Walutheri wamo pamoja na makanisa mengine. Mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, katika nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 nayo ikawa taasisi ya saratani mwaka 1996, na pia Bugando, Mwanza.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Nauli, malazi ya mtu wa kumwangalia mgonjwa, bima, na nani atakayelinda shamba: haya yote na yasemwe mezani kabla ya safari. Hapa usharika una kazi. Sadaka ya kumpeleka mzee mmoja kupimwa mapema ni ndogo kuliko michango ya mazishi yake.

8. Neno kwa makatekista

Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Bwana akamsikia. Lakini nabii Isaya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikwenda pamoja, na nabii hakuona kwamba dawa ni upungufu wa imani. Basi katekista asimwambie mgonjwa aache hospitali ili aombewe, wala asimpeleke hospitali pasipo kumwombea.

Tena tuwe watu wa kutunza siri. Mzee akikuambia habari za mkojo wake au za ndoa yake, zisifike kisimani. Msindikize kwa daktari ikiwa ataka, mwandikie maswali yake katika karatasi, kaa na mkewe. Naye aliyepoteza nguvu kwa ajili ya kisu asidharauliwe. Ubaba wake haukuwa katika tezi, nao haukutolewa pamoja nayo.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini saratani changa ya tezi dume haina dalili?
2. Taja namna tatu za upasuaji, na useme kila moja ni kwa mgonjwa yupi.
3. Mzee aliyefunguliwa njia ya mkojo zamani, kwa nini aendelee kupimwa?
4. Ni gharama gani za mwilini ambazo mume na mke wazijue kabla ya kutoa tezi yote?
5. Kuangalia kwamfaa nani, na ni nini kiwezacho kukuharibu katika nchi yetu?
6. Usharika wako waweza kufanya nini mwaka huu ili mzee mmoja apimwe kabla hajaumwa?

Bwana, tabibu wetu, awape wazee wetu ujasiri wa kusema, na awape vijana wao moyo wa kuwasikiliza. Amina.